Kutoka Kumbukumbu hadi Ukumbusho: Jumuiya za Watu wa Kawaida na Historia ya Miji ya Kongo Mashariki

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1965, kikundi cha watumishi wa nyumbani wa mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, kilitoa kijitabu cha historia kilichopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Jina lake liliandikwa kwa Kifaransa kisichofuata sarufi ya shuleni, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini matini yenyewe ni ya Kiswahili. Aliyekusanya habari na kuziandika kwa niaba ya wenzake ni André Yav. Watu hawa hawakuwa wanachuo. Walikuwa wapishi, madobi na wafagizi waliotumika katika nyumba za Wazungu, nao waliamua kuandika jinsi mji wao ulivyojengwa na ni nani waliobeba gharama yake.

Makala haya yanakichunguza kijitabu hicho, kisha yanakilinganisha na sanaa ya wachoraji wa Katanga wa miaka ya 1970 ambao picha zao ziliitwa ukumbusho, na mwishowe yanauliza ni funzo gani linaloweza kupatikana kwa mji wa Goma. Goma iko zaidi ya kilomita 1000 kaskazini mwa Lubumbashi, na historia ya miji hii miwili haifanani. Hata hivyo kuna sababu mbili za kuiweka pamoja. Kwanza, yote miwili ni miji ya kikoloni iliyokusanya watu wa asili nyingi, ambao walikuja kuelewana kwa Kiswahili cha Kongo. Pili, katika yote miwili sehemu kubwa ya yaliyopita haimo katika makabati ya nyaraka, bali imo katika vinywa vya watu. Lubumbashi imetuachia mfano ulio wazi wa jumuiya ya watu wa kawaida iliyojitwika kazi ya kuyatoa vinywani na kuyaweka mbele ya wengine. Goma ina haja ya mfano huo.

Hoja kuu itakayotetewa ni kwamba wenyeji wa miji hii wanatofautisha, kwa vitendo kama si kwa maneno, kati ya kumbukumbu na ukumbusho, na kwamba jumuiya ya historia inayosahau tofauti hiyo huishia kuwa ghala la vitu visivyosema.

2. Mji wa shaba na watumishi wake

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika hapo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1906. Shaba ilikuwa tele, lakini mikono ya kuichimba ilikuwa michache, kwa hiyo wafanyakazi walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, bonde la Luapula, Kasai na, katika miaka ya 1920, hata Rwanda na Burundi. Kambi za wachimbaji zikajaa watu ambao hawakuwa na lugha moja.

Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa katika nchi hiyo. Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa mwezi Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na misafara ya biashara iliunganisha makao yake na pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini katika miaka ya kwanza ya migodi, lugha iliyotumiwa kutoa amri ilikuwa zaidi ile ya mchanganyiko iliyotoka migodi ya Afrika Kusini. Kiswahili kilishika nafasi yake baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya bahati nasibu. Wabelgiji waliogopa athari za Waingereza kutoka kusini, na lugha iliyoelekea mashariki iliwasaidia kuwatenga wafanyakazi wao na majirani hao. Kwa ufupi, Kiswahili cha Katanga kilizaliwa upya kikiwa lugha ya kazi.

Mtumishi wa nyumbani, au boyi kama alivyoitwa, alikuwa na nafasi ya pekee katika mji huo. Mchimbaji aliishi katika kambi ya kampuni, akamwona Mzungu akiwa msimamizi kazini. Boyi aliishi uani mwa nyumba ya bwana wake. Alimpikia, alimfulia, alimlea mtoto wake, na alisimama nyuma ya meza wakati wageni wakizungumza. Alijua bwana anadaiwa nini, anagombana na nani, na anaogopa nini. Utawala wa kikoloni ulimhesabu kuwa mtu asiyesikia. Vocabulaire ni ushahidi kwamba alisikia, na kwamba alihifadhi aliyoyasikia.

Wakati wa kutolewa kwake pia unastahili kuangaliwa. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi huru mwezi Julai 1960, na utengano huo ukakomeshwa mwezi Januari 1963. Mabwana wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kuondoka. Watumishi walibaki katika mji ambao waliujenga lakini ambao haukuandika majina yao popote. Kuandika historia kulikuwa njia ya kudai nafasi, si kwa silaha wala kwa siasa, bali kwa kusema: tulikuwepo.

3. Lugha ya Vocabulaire na swali la usahihi

Vocabulaire ilichapishwa na kujadiliwa kitaaluma mwaka 1990, katika kitabu cha Fabian alichokiandaa pamoja na Kalundi Mango, kikiwa na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Kazi hiyo ilikabiliwa na tatizo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulifahamu. Matini ya Yav haina tahajia moja. Neno lilelile linaweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Mipaka ya maneno haifuati kanuni, kiasi kwamba silabi za neno moja huenda zikatengwa na maneno mawili yakaunganishwa. Alama za kituo hazimwongozi msomaji. Ukiisoma kwa macho peke yake, unakwama.

Njia iliyotumika kuikwamua ilikuwa sahili lakini yenye maana kubwa. Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili cha Katanga, aliisoma matini kwa sauti, na sauti hiyo ikanakiliwa upya. Mara tu maandishi yaliporudishwa mdomoni, sentensi zilijipanga, vituo vikasikika, na maana ikafunguka. Jambo hilo linafundisha kwamba Yav hakuandika kwa jicho. Aliandika kwa sikio, kama mtu anayesimulia mbele ya wenzake, na alitegemea kwamba msomaji wake atakuwa mtu anayeijua sauti hiyo.

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu, akikifungua kijitabu hicho, atatamani kushika kalamu nyekundu. Ngeli ya watu ina kiambishi ba- pale anapotarajia wa-, kama katika bantu na bazungu. Kiambishi mu- hakipotezi irabu yake. Neno njo linafanya kazi ya ndiyo na ndipo. Upatanisho wa kisarufi umepunguzwa, na maneno ya Kifaransa yameingizwa bila kuomba radhi. Lakini kalamu hiyo nyekundu itakuwa inahukumu kwa sheria ya nchi nyingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwemo. Yav na wenzake hawakuvunja kanuni walizofundishwa. Waliandika lugha ambayo mji wao wenyewe uliifinyanga kwa mahitaji ya kazi, soko na ujirani.

Zaidi ya hayo, kuisahihisha matini hiyo ni kuiondolea ushahidi. Ba- inatuambia kwamba waliokijaza Kiswahili hicho walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu za eneo hilo, kama vile Kiluba na Kibemba, ambazo zina kiambishi hicho. Maneno ya Kifaransa yanatuonyesha ni mambo gani yaliyokuja na utawala na ofisi. Hata jina Vocabulaire lina fumbo lake. Kijitabu si orodha ya msamiati, ni masimulizi. Lakini mtumishi aliyeishi kati ya lugha mbili alijua kwamba anayeshika maneno ndiye anayeshika amri. Kuuandikia mji Vocabulaire ni kudai haki ya kuutaja kwa maneno ya watu wake.

4. Makosa ya wasimulizi na ukweli wao

Pingamizi la pili linatoka kwa wanahistoria. Vocabulaire, husemwa, inachanganya miaka, inaunganisha watu ambao hawakuishi wakati mmoja, na inazieleza nia za wafalme wa Ubelgiji kana kwamba mwandishi alikuwa barazani mwao. Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa. Mwanafunzi anayetaka kujua tarehe ya mkataba fulani asiende kwa Yav.

Hata hivyo, kila chanzo huulizwa maswali ya aina yake. Chukua mfano wa batumbula. Katika miji ya Katanga ya kikoloni ilienea imani kwamba kulikuwa na watu waliowakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu, wakawanenepesha na kuwala. Vocabulaire inalizungumzia jambo hilo kama sehemu ya historia, bila kulitenga na habari za mishahara na vita. Anayetafuta hati ya polisi hataipata. Lakini anayeuliza jinsi wafanyakazi walivyoelewa mfumo uliowachukua vijana wenye nguvu kutoka vijijini na kuwarudisha wamedhoofika, au kutowarudisha kabisa, atapata jibu ambalo ripoti ya kampuni haikulitoa. Mazungumzo ya kuliwa yalikuwa pia mazungumzo juu ya kazi.

Vivyo hivyo kuhusu majina. Wazungu katika masimulizi ya aina hii hutajwa kwa majina waliyopewa na Waafrika, yaliyotokana na tabia, umbo au ukali wao. Mtafiti wa nyaraka huona hilo kuwa kero, kwa sababu hawezi kumtambua mhusika kwa urahisi. Lakini jina la utani ni hukumu iliyofupishwa. Lilitolewa na watu wengi, likakubaliwa, likadumu baada ya mhusika kurudi kwao. Faili la ofisini linatueleza cheo cha bwana. Jina lake la mtaani linatueleza alivyotawala.

Ni hapa ambapo umuhimu wa jumuiya unaonekana. Yav hakuandika kwa niaba yake peke yake. Kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kuwa njozi au kinyongo. Kumbukumbu iliyotolewa mbele ya wenzake, ambao nao walikuwepo, hupita katika chujio. Wataongeza, watakataa, watakumbushana. Si chujio la maabara, lakini ni chujio. Tangu Jan Vansina alipochapisha kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka 1961, wanahistoria wa Afrika wamefundishwa kumwuliza msimulizi alipata habari zake kwa nani. Watumishi wa Elisabethville walilitanguliza jibu: tulizipata sisi kwa sisi.

5. Picha za ukumbusho

Karibu miaka kumi baada ya Vocabulaire, jambo linalofanana na hilo lilionekana katika sanaa. Katika miji ya shaba, wachoraji wasiopitia vyuo vya sanaa walichora picha juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuziuza kwa bei ambayo mfanyakazi aliimudu. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Nyingine zilionyesha mamba muntu, yaani nguva. Nyingine mandhari ya kijiji. Nyingine zilionyesha askari akimchapa mfungwa fimbo huku Mzungu akitazama, nazo zilijulikana kwa jina la Colonie belge. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioandika juu ya sanaa hiyo mwaka 1976, walieleza kwamba wenyewe waliipanga kwa nyakati: mambo ya mababu, mambo ya zamani na mambo ya sasa, na kwamba sifa ambayo mnunuzi aliitafuta katika picha iliitwa ukumbusho.

Neno hili linahitaji kutuliwa kidogo. Kitenzi kumbuka humhusu mtu mmoja: mtu anaweza kukumbuka akiwa peke yake gizani. Kumbusha ni kauli ya kutendesha. Inataka watu wawili, au mtu na kitu: kinachokumbusha na anayekumbushwa. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa. Ukumbusho ni kile kinachoamsha. Kumbukumbu yaweza kufungiwa sandukuni na ikabaki kumbukumbu. Ukumbusho ukifungiwa sandukuni unakoma kuwa ukumbusho, kwa maana hakuna wa kukumbushwa. Picha ya Colonie belge haikutundikwa ukutani ili kupamba, kwani fimbo haipambi. Ilitundikwa ili mtoto aulize na mzee ajibu.

Aliyeipeleka mbali zaidi sanaa hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974, akiwa mchoraji wa Kolwezi, alimchorea Fabian mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake, kuanzia zama za mababu hadi Zaire ya Mobutu, na akaisimulia kila picha kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Alijiona kuwa mwanahistoria, si mpambaji wa kuta. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba, nyuma ya maiti kuna misalaba mitatu, na mtazamaji yeyote aliyepita katika shule ya misheni alielewa mara moja hoja iliyokuwa ikitolewa. Mwaka 1980 aliandika pia historia ya Zaire kwa mkono na kwa Kifaransa, matini ambayo Jan Blommaert aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 2008. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena.

Picha zake, pamoja na masimulizi yake, zilichapishwa katika kitabu cha Fabian mwaka 1996, na mfululizo wenyewe uliingia katika makumbusho ya Tropenmuseum mjini Amsterdam. Huko zimehifadhiwa dhidi ya unyevu, mchwa na vita, na pasipo hifadhi hiyo pengine zisingekuwepo. Lakini sebule imeondoka. Mtoto wa Kolwezi hawezi kuuliza, na mzee wa Kolwezi hawezi kujibu. Kwa kipimo cha neno la wachoraji wenyewe, picha hizo zimekuwa kumbukumbu nzuri sana, na zimepungukiwa na ukumbusho.

6. Lubumbashi inajikumbusha

Ni kwa sababu hiyo mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, una umuhimu. Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, pamoja na wenzao, hawakuanza kwa kuwahutubia wenyeji. Waliwaendea majumbani, wakawaomba masimulizi, na wakaomba pia vitu: vyombo vya jikoni, picha za familia, nguo. Vitu hivyo vilionyeshwa hadharani, na waliovitoa ndio waliovieleza. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo ya mwanzo, kilichohaririwa na Violaine Sizaire mwaka 2001, kilibeba neno Ukumbusho katika jina lake. Sanaa ya jukwaani nayo haikuwa ngeni kwa kazi ya namna hii, kwani tangu zamani kikundi cha Mufwankolo, ambacho Schicho na Mbayabo Ndala walikiandikia kitabu mwaka 1981, kilikuwa kikiigiza maisha ya mji kwa Kiswahili cha mji.

Mradi huo ulikuja wakati mji ulipokuwa na jeraha. Kampuni ya shaba, ambayo kwa vizazi viwili ilijulikana kuwa baba na mama wa mfanyakazi, ilikuwa imeporomoka, na Dibwe dia Mwembu aliwaandikia kitabu mwaka 2001 hao watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Tena, kati ya mwaka 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai, ambao baba zao waliletwa kuchimba shaba, walikuwa wamefukuzwa Katanga kana kwamba ni wageni. Swali la nani ni mwana wa mji halikuwa la kinadharia. Sufuria ya mama wa kambini iliyowekwa mezani katika maonyesho ilitoa jibu lake bila kuhubiri: aliyepika hapa, ni wa hapa.

7. Funzo kwa Goma

Goma ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa kituo kidogo cha Wabelgiji, ikitazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Yaliyoupata mji huo baadaye ni mengi mno kwa maisha ya mtu mmoja. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka Januari 1977. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake kwa muda wa siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika maduka, ofisi, shule na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, mji ukaingia mikononi mwa M23 baada ya mapigano yaliyoua watu wengi.

Katika mji wa namna hiyo, karatasi haina maisha marefu. Nyumba iliyofunikwa na volkeno imefunika pia vyeti, barua na picha za harusi. Iliyobaki ni simulizi, nayo imo katika Kiswahili cha Kivu, ambacho wataalamu wameanza kukipa haki yake, kama walivyofanya Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose katika kitabu chao cha matini na sarufi cha mwaka 2016. Wenye umri wa kuusimulia mlipuko wa mwaka 1977 kwa macho yao wanazidi kupungua. Haraka, kwa hiyo, si ya kubuniwa.

Lakini haraka peke yake haitoshi. Swali ni nani akumbushe, na kwa msingi gani. Kivu ya Kaskazini haijakosa vyama. Vyama vya kusaidiana vya kikabila vilikuwa na nguvu tangu zamani, na kila kimoja kina historia yake ya nani alitangulia katika ardhi ipi. Baadhi ya historia hizo ni hazina ya kweli. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliotambwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unatosha kuonyesha utajiri huo. Hatari huanza pale historia inapogeuzwa hati ya kumiliki shamba. Tangu vita vya Masisi na Walikale vya mwaka 1993, hadithi ya nani alitangulia imemwaga damu nyingi, na jumuiya ya historia itakayojengwa juu yake haitakuwa na mlango wa kumpokea jirani.

Watumishi wa Elisabethville waliweka msingi mwingine. Kilichowaunganisha si ukoo bali kazi. Mpishi Mluba na mpishi Mbemba walikuwa wamesimama nyuma ya meza za aina moja. Goma nayo ina misingi kama hiyo, na imekwisha kuitambua bila kusubiri wanachuo. Katika mzunguko mmoja wa barabara za mji ilisimamishwa sanamu ya mtu na chukudu yake, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo limeshusha viazi, makaa na maharage kutoka mashamba ya mlimani kwa miongo mingi. Mji haukumwinua mfalme wala jemadari, ulimwinua mchukuzi. Na kila anayeitazama sanamu hiyo ana la kusimulia: aliyetengeneza chukudu, aliyeisukuma, aliyesomeshwa na kipato chake. Huo ni ukumbusho kwa maana kamili ya wachoraji wa Katanga. Hali kadhalika, wapo wavuvi wa Ziwa Kivu, wanawake wa soko la Virunga na waashi waliojifunza kujenga kwa mawe yaleyale yaliyoziunguza nyumba zao. Vijana walioshika kamera katika kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji wa filamu Petna Ndaliko Katondolo, walionyesha pia kwamba Goma inaweza kujisimulia yenyewe badala ya kusimuliwa na wapita njia.

Kutokana na mfano wa Lubumbashi, mambo matatu yanaweza kupendekezwa kwa jumuiya yoyote itakayojitwika kazi hii. La kwanza, masimulizi yanakiliwe katika Kiswahili cha msimulizi, na tafsiri ya Kiswahili sanifu au Kifaransa iwekwe kando yake, isiwekwe mahali pake. La pili, msingi wa kukusanyika uwe kazi, mtaa au janga lililowapata wote, kwa sababu moto wa mwaka 2002 haukuuliza kabila. La tatu, kila kilichokusanywa kirudishwe mbele ya waliokitoa, kwa kusomwa kwa sauti, kuonyeshwa au kuigizwa, kabla hakijaenda chuoni wala ng'ambo. Nakala ziwekwe mahali pengi, maana mji ulio chini ya volkeno na katika njia ya majeshi hauwezi kutegemea kabati moja.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika Kongo ya Kiswahili historia ya watu wa kawaida ilikwisha kuwa na waandishi na wachoraji wake kabla ya vyuo kuivumbua. Vocabulaire ya mwaka 1965 ina makosa ya tarehe, lakini imehifadhi hukumu ambayo wafanyakazi waliutolea mji wao. Picha za ukumbusho zimefundisha kwamba kazi ya sanaa hukamilika pale mtazamaji anapofungua kinywa. Na mradi wa Lubumbashi umethibitisha kwamba chuo kikuu kinaweza kuwa mshirika wa wenyeji bila kuwanyang'anya usemi wao.

Kwa idara za Kiswahili za mashariki ya Kongo, hili linabadili pia namna ya kufundisha. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ni upungufu wa Kiswahili cha pwani hataona sababu ya kukaa chini na bibi yake na kumsikiliza. Atasubiri matini safi, na matini hiyo haitakuja. Afundishwe sanifu, kwa maana inamfungulia vitabu na mipaka. Lakini afundishwe pia kwamba sarufi ya bibi yake ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuufikia mji uliokuwepo kabla ya moto.

Kalundi Mango alipoisoma matini ya Yav kwa sauti, maneno yaliyokuwa yamefungana kwa miaka mingi yalifunguka. Goma ina matini nyingi za aina hiyo ambazo hazijaandikwa, na wasomaji wake wangali hai.